Shingo ya Kinyozi

"Malizia na shingo basi," alisema dereva wa lori, akilegeza mabega kitini. "Leo nataka isikike mpaka kwa jirani."

Kinyozi alipangusa povu lililobaki shavuni mwa mteja wake. Kwa miaka ishirini na miwili, kila aliyeketi hapo alinyolewa, akakandwa kichwa, kisha akakamatwa kidevu na kisogo na kugeuzwa ghafla, shingo ikalia ko! Wapo waliovuka mitaa mitatu kuifuata ko hiyo. Walimwita Daktari wa Shingo, naye jina lilimkaa.

"Siku hizi sifanyi."

"Hufanyi? Tangu lini?"

"Tangu jana. Nimeonyeshwa yangu kwenye picha, kaka."

Dereva alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akamtazama kiooni na kuketi wima.

Maumivu yalikuwa yamemwanza mwaka uliopita, kisogoni, yakashukia bega la kulia. Alimeza vidonge, akakaza roho. Baadaye kidole gumba na cha shahada, vile vishikavyo wembe, vikaanza kufa ganzi. Hakumwambia mtu. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua: juzi wembe ulimponyoka, ukaangukia mapajani mwa mzee mmoja aliyesinzia. Haukumkata. Kinyozi aliuokota, akammalizia mzee kwa mashine, akafunga duka kabla ya saa sita mchana. Kesho yake alikuwa hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, asiye na haraka. Aliinua picha kwenye mwanga.

"Hizi ni pingili za shingo. Katikati ya kila mbili kuna kisahani laini, kama kigodoro. Hiki kimetoka mahali pake, kinabana mshipa wa fahamu uendao mkononi. Unafanya kazi gani?"

Kinyozi alieleza, na hakuiacha ile ko. Hata yake mwenyewe, alisema, huigeuza kila jioni.

Daktari aliweka kalamu chini. "Acha. Yako na ya wenzako."

Akampa dawa, akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wiki sita. "Wengi hupata nafuu bila kisu," alisema. "Ila mkono ukizidi kulegea, usingoje tarehe. Njoo."

Kinyozi alipiga moyo konde. Aliinua kiti kwa mbao nne ili vichwa vya watu vimfuate yeye, asiviinamie tena. Wateja walimtania kwamba amewatawaza wafalme. Kila asubuhi alisimama ukutani, akarudisha kidevu nyuma, akahesabu kumi, mara kumi. Waliotaka ko aliwakatalia, na wengine hawakurudi. Wiki ya nne ilipofika, alikuwa akilala usingizi mzima, na mkewe alikwisha kumshukuru Mungu kwa sauti.

Siku moja walikuwa wakianua nguo uani. Kinyozi alishika kibanio cha kamba kwa mkono wa kulia, akakibinya. Hakikufunguka. Akakibinya tena, akiuma meno, shati likining'inia mbele yake. Mkewe alikuja, akakifungua kwa vidole viwili, akaendelea kuanua mpaka nguo zote zikawa kapuni.

"Si ulisema maumivu yamepungua?"

"Yamepungua kweli. Na nguvu nazo zimepungua. Hapo ndipo ninapoogopa. Kesho narudi kwa daktari."

"Atasema kisu. Nimeuliza mimi, wanapitia mbele, kooni. Shingo si tikitimaji, baba watoto. Kuna yule mzee mkandaji wa mtaani kwetu; amewainua wangapi bila kisu?"

"Hata mimi niliwainua wengi, mama watoto. Sikujua nilikuwa nashika nini."

Mkewe alilikunja shati lile, akalikunjua, akalikunja upya. "Basi tutakwenda wote," alisema. "Nimsikie kwa masikio yangu."

Daktari hakuwapambia maneno. Alimpima mkono, akautazama kwa muda. Wangetoa kisahani na kuziunganisha pingili mbili. Sauti ingeweza kukwaruza kwa majuma kadhaa. Nguvu ingeweza kurudi yote, au nusu. "Tukichelewa," alisema, "huenda isirudi kabisa."

Mkewe aliuliza maswali saba, akajibiwa yote. Kisha akaishikilia karatasi ya idhini ili isiteleze, na kinyozi akaweka sahihi kwa mkono uleule wa kulia. Herufi zilianguka huku na huku kama walevi. Hakuzifuta.

Asubuhi ya upasuaji, muuguzi mmoja mtu mzima, miwani puani, aliingia wodini na beseni la maji na wembe wa plastiki. Ndevu za shingoni zilipaswa kuondolewa. Aliposikia kazi ya mgonjwa wake, alisita.

"Mbona umenipa mtihani, baba? Kumbe kweli kinyozi hajinyoi."

"Na akijinyoa hujikata," alisema kinyozi, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Vuta ngozi kwanza, dada. Usiukandamize wembe. Uache uteremke wenyewe."

Mkewe alisimama miguuni pa kitanda, kanga yake kaikumbatia kifuani. Kinyozi akainua kidevu taratibu, hadi pale shingo ilipomruhusu, akafumba macho. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mkono wa mtu mwingine ukamshika taya, ukatulia, na wembe ukaanza kuteremka.