Mtani wa Garabed

Mimi ni Mngoni wa Peramiho, na kama hujui maana yake, muulize Mhehe yeyote. Atakwambia sisi ni wala panya. Wewe usimjibu, niachie mimi, maana kwao mbwa akipotea hatafutwi mbali, hutafutwa jikoni. Hivyo ndivyo watani tunavyosalimiana. Babu zetu walichinjana hasa, kwa mikuki, na leo mimi na Annah, Mhehe wa Iringa anayefungasha vyakula pale jikoni kwetu Al Quoz, hatuwezi kumaliza asubuhi bila kutukanana. Baba yangu alipofariki nami niko huku Dubai, nisiweze kuwahi mazishi, Annah alikuja chumbani kwetu Al Qusais amevaa koti langu. Akajilaza katikati ya waombolezaji, akatangaza kwamba yeye ndiye maiti na hainuki mpaka aletewe pilau. Nilicheka huku nalia. Katika pole zote nilizopewa, hiyo ndiyo iliyonisaidia.

Nayaeleza haya mapema ili mtu asije akasema nilikurupuka.

Mwaka huo wa 2015 jiko letu lilikuwa na tanuri moja na mafundi wawili. Bekir alikuwa Mturuki kutoka mji wa Antep, mnene, mpenda kelele, akiingia mlangoni hata friji inajua. Garabed alikuwa Mwarmenia wa Aleppo, Syria, mwembamba, mtaratibu, mtu wa kupiga pasi mpaka aproni. Wote wawili walipika kitu kilekile: mkate mwembamba wa duara, juu umepakwa nyama ya kusaga, nyanya na pilipili. Bekir aliuita wa Kituruki. Garabed aliuita wa Kiarmenia. Siku ya kuchapisha menyu nusura warushiane unga, ndipo mwenye jiko, Madam Masuda, mama wa Kiunguja aliyelelewa hapahapa Dubai, akakata shauri na kuuandika "Mkate wa Nyama wa Madam Masuda". Madam mwenyewe hata andazi hajui kulikaanga.

Mafundi hao walikuwa hawasemeshani. Si salamu, si nipishe. Kazi ya kusemesha ilikuwa yangu, mimi msaidizi wao.

"Faustine," Garabed angesema kwa Kiarabu chetu cha jikoni, "mwambie huyo moto umezidi."

Bekir yupo palepale, bega kwa bega naye. "Faustine, mwambie huyo nina macho."

Nami nageuka, namwambia Garabed kwamba mwenzake ana macho. Garabed anashukuru kwa taarifa. Watu wazima hao, wana wajukuu.

Sasa ikaja oda ya harusi ya Jumeirah. Garabed alikuwa anaingiza mikate, Bekir anaitoa, na mimi nikaenda chooni, haki ya kila binadamu. Mikate ikaiva. Garabed akageuka ili aniambie nimwambie Bekir aitoe, hakuniona. Bekir naye akauona moshi, lakini alikuwa hajaambiwa. Annah anasema walisimama wote wawili wamefunga mikono, wanautazama ule moshi kama taarifa ya habari. Niliporudi, mkanda sijaufunga vizuri, jiko zima lilikuwa jeusi na harusi haina mikate.

Madam Masuda alifika ameshika kichwa.

"Miye nimechoka, wallahi," akaniambia. "Tanuri moja, fundi mmoja. Garabed ndiye aliyekuja mwisho, na visa yake inakwisha mwezi huu. Simwongezei. Khalas."

"Madam, huyo pasipoti yake ni ya Syria. Kwao Aleppo mabomu yanaanguka. Ukimfutia visa ataenda wapi?"

Madam akashusha mikono. Hana roho mbaya, ana hasira tu, na hasira zake huja na kuondoka. "Basi n'takwambia neno moja, mwanangu. Nataka niwaone kwa macho yangu wanazungumza, wao kwa wao, bila ya weye kuwa kati. Mwezi ukisha sijaona, lawama zisinifike."

Nilimpelekea Garabed habari hiyo akiwa anakanda unga. Hakuacha kukanda.

"Nitakwenda," alisema. "Familia yetu tumeshazoea."

Neno lile liliniuma. Nikavuta ndoo, nikakaa, nikamuuliza amekosana nini na Bekir. Akasema na Bekir mwenyewe hajakosana. Bibi yake alizaliwa Antep.

"Antep ya Bekir?"

"Bekir ndiye wa Antep ya bibi yangu."

Akanieleza polepole. Mwaka 1915 serikali ya Waturuki iliwaamuru Waarmenia watoke majumbani mwao, wakaswagwa jangwani na askari kwa miguu, watoto na wazee. Waliuawa wengi mno, na wengine walikufa kwa njaa na kiu. Bibi yake alikuwa mtoto. Alifika Aleppo ameshikwa mkono na mwanamke asiyemjua, maana wa kwao wote walibaki njiani.

Nikamfuata Bekir. Akaongeza sauti ya redio. "Ilikuwa vita," alisema. "Watu walikufa kila upande. Hayo ni maneno ya wanasiasa."

Vita. Mimi neno hilo nalifahamu, na moyo wangu ukatulia. Kumbe tatizo lenyewe ni dogo: hawa watu walipigana zamani, halafu hakuna mtu aliyewafundisha utani. Huko Ulaya na Uarabuni wana barabara nzuri na treni zisizo na dereva, lakini mambo mengine yamewapita.

Ijumaa ya tarehe 24 Aprili ndiyo ilikuwa inatimiza miaka mia tangu mauaji yale yaanze. Garabed alisema asubuhi atakwenda kanisani kwao Sharjah, na jioni atakuja zamu na picha ya bibi yake aiwashie mshumaa. Nikamwambia Bekir: hayo ni matanga, na matangani mtani lazima aende. Nikamweleza alivyofanya Annah na koti langu. Bekir alipenda. Ukweli ni kwamba hakutaka Garabed arudishwe kwenye mabomu, ila ulimi wake haukujua pa kuanzia. Basi nikamfundisha.

"Unakunywa kahawa yake. Unakalia kiti chake. Unamchokoza marehemu wake kidogo. Na lazima ujisifu kwamba mliwashinda. Usipojisifu, huo si utani, ni utovu wa adabu."

Annah alikuwa anatusikiliza huku akikunja maboksi. "Faustine, hawa watu wamekwambia wao ni watani, au umewaposea mwenyewe?"

Nilimwambia mla mbwa anyamaze. Garabed sikumdokezea kitu, kwa sababu mtani hapigi hodi.

Ijumaa ikafika. Garabed aliiweka picha juu ya rafu ya unga: mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa kichwani, anakutazama kama umechelewa. Akawasha mshumaa, akamimina kahawa, akakaa kwenye stuli yake. Nikampa Bekir ishara.

Bekir akaja. Akachukua kikombe mkononi mwa mwenzake, akakinywa chote. Akaivuta ile stuli hadi Garabed akainuka kwa mshangao, akaikalia yeye, mguu juu ya mguu. Halafu akanyoosha kidole kwenye picha.

"Huyu mama tulimfukuza Antep," alisema kwa sauti yake yote. "Tuliwafukuza wote. Na hapa pia nenda zako, kiti ni changu."

Akanigeukia, anangoja kicheko. Mimi nikacheka, na nikajisikia ninacheka peke yangu. Annah alikuwa ameziba mdomo kwa glovu.

Garabed hakupiga mtu. Alisimama tu palepale.

"Rudia," alisema.

"Ni utani," Bekir alisema, akaanza kuinuka. "Muulize Faustine, kwao wana desturi—"

"Faustine mwache. Nazungumza na wewe. Umesema mliwafukuza. Rudia. Nimeishi maisha yangu yote sijamsikia mtu wa kwenu akilitamka hilo neno."

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Mimi na Annah tunataniana kwa sababu hakuna anayebisha. Yeye anasema walitupiga, mimi nasema tuliwapiga, lakini hakuna aliyewahi kuniambia babu zangu hawakufa. Hawa walikuwa hawajafika huko, nami nimemtuma mtu matangani kucheka kabla msiba haujakubaliwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na Madam Masuda alikuwa amesimama mlangoni, kwa kuwa kila Ijumaa jioni huja kukagua oda.

Bekir hakumwona. Alikuwa anatazama tanuri. Nami nikajua kwamba akisema tena ilikuwa vita, Garabed atafunga virago usiku uleule bila kungoja visa ikatwe.

"Nyumbani kwetu kuna tanuri uani," alisema mwishowe. "La mawe. Ndilo nililojifunzia kazi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza babu nani alilijenga. Akasema walilikuta. Nikamuuliza walilikuta la nani, akanipiga kofi. Babu yangu hakuwahi kunipiga kabla ya hapo wala baada ya hapo."

Garabed aliigeukia picha ya bibi yake.

"Nilijua," Bekir alisema. "Tuliwafukuza. Tuliwaua. Bibi yako hakutoka kwa kupenda."

Alilisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Madam alinisogelea, akaninong'oneza. "Wanazungumza?"

"Wanazungumza, Madam."

"Mazuri?"

"Sijui, Madam. Lakini mimi siko kati."

Akawatazama kidogo, akajifuta jicho kwa ncha ya shela. "Kesho niletee pasipoti yake n'endee kuiongeza hiyo visa," alisema, akatoka bila ya kukagua oda hata moja.

Garabed hakugeuka kumtazama, sidhani hata alimsikia. Alimshika Bekir bega, akamkalisha tena kwenye ile stuli. Yeye akabaki amesimama mbele yake, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

"Sasa nitanie," alimwambia.

Bekir akakichukua kile kikombe kitupu, akakimiminia kahawa, akamrudishia.