Kiti cha Elkana

Nafasi ya kuandikia sababu ilikuwa mstari mmoja tu, na Chepkoech alikuwa ameufuta mara tatu hata karatasi ikatoboka. Fomu ya kubadili kozi ilitakiwa ofisini kesho, Ijumaa. Nje, theluji ya Machi 1994 ilikwisha kugeuka tope la kijivu.

Uhandisi ulikuwa wa kaka yake Elkana, aliyefariki akiwa mwaka wa pili katika chuo hiki hiki. Baada ya mazishi, mama yao alisema kiti cha marehemu kisiachwe kipoe. Na Chepkoech, mpenzi wa historia, akavuka bahari kuja kukikalia. Kanisani, katika mtaa wa Etobicoke, Wakenya walimwita Injinia tangu Jumapili ya kwanza, kama walivyomwita kaka yake. Aliitika. Angelikataaje jina la marehemu?

Sasa alikuwa amefeli mara mbili. Nyakundi, rafiki wa Elkana aliyekuwa akimsaidia Chepkoech hesabu kwenye mkahawa wa chuo, aliusukuma kando mchoro wake wa daraja.

"Injinia, daraja hili likijengwa, mimi nitavua viatu nipite mtoni."

Chepkoech hakucheka. "Narudi historia. Lakini naona kama namzika mara ya pili."

Nyakundi alikoroga kahawa iliyokwisha kupoa. "Dada, Elkana naye aliijaza fomu hiyo. Alitaka ualimu. Aliugua kabla hajaipeleka."

"Na umenyamaza mwaka mzima na nusu?"

"Mama yako aliniomba nisiseme. Ningemkatalia vipi mtu aliyetoka kuzika?"

"Kwa hiyo mkanitwika mzigo ambao mwenyewe alikwisha kuutua."

Asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, Chepkoech alipiga simu Kericho, kwenye zahanati alikofanya kazi mama yake.

"Mama, Elkana alitaka kuwa mwalimu."

"Alitaka," mama alisema hatimaye. "Barua yangu ya mwisho kwake ilikuwa ya kumkatalia. Haya, na wewe unaniomba nini?"

"Siombi, Mama. Nakuarifu. Narudi historia."

Kule zahanatini mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza.

"Hiyo historia yako," mama aliuliza, "shuleni bado inafundishwa?"

"Inafundishwa."

Mama hakusema sawa, wala hakuaga. Chepkoech aliibana simu sikioni, akisikiliza pumzi za mama yake.