Ahadi ya Tatu

Muuguzi alipochomoa sindano ya pili, Verlene Tibbs alikuwa ameshaitazama saa ya ukutani mara tatu. Saa tano na dakika kumi. Basi namba kumi na nne hupita saa tano na nusu, na likipita limepita; linalofuata ni saa nane. Aliibana pamba mkononi kwa vidole viwili mpaka damu ikakoma, akavaa koti juu ya bandeji, akatoka akishika ukuta. Mtu akitoka kwenye mashine ya kusafisha damu, miguu si yake. Anaiazima tu imfikishe nyumbani.

Ndani ya basi, nyuma ya kiti cha dereva, palibandikwa karatasi ya kaunti: njia namba kumi na nne itafungwa mwisho wa Julai, kwa uchache wa abiria.

"Umeiona karatasi, Bi Verlene?" aliuliza Dewitt, dereva.

"Nimeiona. Nimeamua sijaiona."

Dewitt alicheka. Alimjua. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, maili kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi, kiti kilekile. Gari alikuwa nalo marehemu Harlan, mumewe, na gari lenyewe lilimfuata kaburini mwaka uliofuata.

Mwezi wa Mei kanisa lilikaanga samaki, kama kawaida ya Ijumaa, na wagombea walikuja, kama kawaida ya mwaka wa kura. Garrett Whitlow alikaa meza moja na Verlene na wifi yake Ozella. Alikuwa diwani wa kaunti, sasa akitaka kuwa mkuu wake. Katika kaunti ile chama ni kimoja kinachoshinda tangu enzi za babu zao. Anayeshinda mchujo wa chama hicho mwezi Juni ameshinda, na kura ya wote ya Novemba ni ya kufagia ukumbi.

Whitlow alikuwa amekunja mikono ya shati. Alikula kambare kwa vidole, na alijua kuuliza habari za wajukuu.

"Kitendawili," alisema Verlene.

"Tega," wakaitikia mezani.

"Haji kwako mpaka njaa imshike, na akishiba hakujui."

"Paka!" alisema mmoja.

"Mume wangu wa kwanza!" alisema Ozella, na meza nzima ikacheka.

"Mgombea," alisema Verlene, akamtazama Whitlow.

Whitlow alicheka kuliko wote. Akajifuta mafuta vidoleni, akasogeza kiti. "Haya, Bi Verlene. Nisipotaka uniite paka, nifanye nini?"

Verlene akamwambia. Hakupamba. Alimwambia habari za mashine, za maili kumi na moja, za mgonjwa mwenzake wa kiti cha pili pale kwenye mashine, aliyekosa usafiri majira ya baridi, akakosa mashine mara mbili, na mara ya tatu kiti kikapewa mtu mwingine. Whitlow aliandika kwenye karatasi ya kufutia mikono. Msichana wake wa kampeni, Paige, akauliza kama wangeweza kumpiga picha pale kituoni anapongojea basi.

"Nivae kofia ya kanisani?"

"Vaa hivyohivyo, mama. Hivyohivyo ndiyo vizuri."

Baada ya wiki mbili kadi ya ilani ililetwa mlango kwa mlango. Ahadi tano. Ya tatu ilisema: *Basi namba 14 litabaki. Hakuna mgonjwa atakayeachwa kituoni.* Kando yake alikuwa Verlene kwenye benchi, mikono mapajani. Mabango yenye picha na ahadi hiyohiyo yakachomekwa kandokando ya barabara. Ozella alimtania, "Wifi, sasa hata mbwa wa watu wanakukojolea."

Lakini Verlene aliibandika ile kadi kwenye friji. Usiku alipokwenda kunywa kikombe kimoja cha maji alichoruhusiwa na daktari, aliisoma tena ahadi ya tatu, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Siku ya mchujo alivaa ile kofia. Kura zilipigwa shuleni. Mama wa mezani, aliyekuwa akisali naye kanisa moja, alipitisha kidole kwenye orodha, akakirudisha, akakisimamisha.

"Jina lipo, Bi Verlene. Ila umeandikwa huna chama."

"Sina. Kura ninayo."

"Ya Novemba unayo. Hii ya leo ni ya wenye chama."

"Kule Georgia tulikuwa tunaingia tu, unataja karatasi unayoitaka."

"Huku sivyo. Na kujiandikisha kulifungwa wiki tatu zilizopita." Mama yule aliinamisha macho. "Hakuna aliyekwambia?"

Miaka sita iliyopita, walipohamia huku na Harlan, karani wa kuandikisha wapiga kura alimuuliza: chama gani? Verlene alikuwa na miaka tisa, kabla hawajahamia Georgia, baba yake alipokwenda mahakamani, ambako wapiga kura waliandikishwa, kuandika jina lake na chama chake. Kabla ya Jumapili mwenye shamba walilolima alikuwa ameshajua, na vitanda vyao vilikuwa barabarani, na pamba ya mwaka mzima imebaki shambani kwa mwenyewe. Mama yao aliwaambia wakiwa wamekalia godoro kando ya njia: pigeni kura, lakini chama chenu kisiandikwe popote. Basi karani alipouliza, Verlene alijibu: hakuna. Alitoka pale akijiona mwerevu.

Nje, kwenye mstari wa chokaa ambao wagombea hawaruhusiwi kuuvuka, Whitlow alikuwa akiwapa watu mkono.

"Bi Verlene wangu! Umetuwekea kura?"

"Wamenikatalia. Sina chama."

"Ah," alisema Whitlow. "Ah, mama." Mkono wake ulibaki mkononi mwa Verlene, wa joto, mkavu, lakini macho yalikuwa yameshahamia kwa mtu wa nyuma. Paige aliinamia orodha yake, akaweka alama ndogo.

Whitlow alishinda. Kanisani walipiga makofi, na Verlene naye alipiga.

Katikati ya Julai ikaja kadi mpya, ya Novemba. Ahadi zilikuwa nne. Ya tatu sasa ilikuwa barabara pana ya malori kwenda kwenye maghala mapya. Verlene aliigeuza kadi, akatazama nyuma. Akaigeuza tena. Akapiga simu.

"Bi Verlene! Habari za afya?" Alikuwa Paige.

"Basi langu liko wapi?"

"Mheshimiwa bado analijali sana suala la usafiri."

"Sijauliza anajali nini, binti yangu. Nimeuliza basi."

Paige alivuta pumzi. Hakuwa mtoto mbaya. "Tuliangalia namba, mama. Barabara yenu yote, waliopiga kura ya mchujo ni kumi na mmoja."

"Na wagonjwa? Mlihesabu wangapi?"

"Hiyo... hiyo hatuna."

Basi namba kumi na nne lilipita mara ya mwisho Jumatano. Dewitt alishuka akamshika mkono mpaka mlangoni, jambo alilokatazwa kazini.

Gari la kanisa lilijitolea Jumatatu na Jumatano. Ijumaa lilikuwa na watoto wa kambi ya likizo. Ozella hakuwa na gari, hakujua hata kuendesha. Shemasi Lonnie alisema labda angepita kumchukua kituoni Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, kama zamu yake isingebadilishwa.

Verlene alifika kituoni mapema. Mvua ilikuwa imenyesha. Benchi lilikuwa limeng'olewa. Zilibaki nati nne kwenye zege. Maji ya siku mbili yalikuwa mwilini mwake yakitafuta pa kwenda. Alibonyeza mguu juu ya kifundo, na shimo la kidole likabaki pale. Hakuweza kusimama zaidi.

Bango bado lilikuwepo, limeegemea upande. Aliling'oa kwenye vyuma vyake, akalipangusa kwa mkono wa koti, akalilaza kwenye zege lenye maji, picha yake ikitazama juu. Akakalia.

Saa kumi na mbili ilifika. Yakapita malori mawili, ya maghalani. Verlene alitazama chini. Picha yote ilikuwa imefunikwa na gauni. Kati ya viatu vyake viwili yalibaki maneno ya ukingoni: *atakayeachwa kituoni*. Akavuta mguu mmoja ndani, akaendelea kutazama barabara.