Hasira Isiyojulikana ni ya Nani

Wifi yangu ni msusi, na wateja walimbandika jina la Redio kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Mimi humsaidia kuosha nywele. Watu walivumilia foleni ili tu wasikie anavyomchamba mumewe, ambaye ni kaka yangu wa damu, nami nikicheka nao.

Alipokaribia miaka hamsini, Redio ikaanza kukwama. Anasuka, mara anasimama na kitana mkononi, hajui afuate mstari upi. Usiku halali, shuka linalowa jasho. Mchana joto linampanda shingoni wakati sisi tumejikunyata kwa baridi. Siku moja bibi harusi mtarajiwa alikuwa anacheka kwenye simu, wifi akamfokea anyamaze, kisha akajifungia stoo kulia. Nilimfuata, nikamuuliza kakosewa nini. Akasema hajui, na kutojua huko ndiko kunakomtisha.

Nyumbani, kaka akisalimia ni kosa, akinyamaza ni kosa kubwa zaidi. Alinivuta pembeni akaniuliza kama wifi ana mwanamume. Wifi naye alikwisha kuniuliza kama kaka ana mwanamke. Jirani akaona ni jicho la watu. Nikawa sijui nimwamini nani, hata macho yangu mwenyewe.

Wifi aliponiambia kuwa asubuhi nyingine haoni sababu ya kuamka, sikungoja. Nilimpeleka zahanati. Daktari, mama mtu mzima, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza hedhi yake inakwendaje. Wifi akakunja uso.

"Daktari, nimekuja na kichwa, wewe unaniuliza ya tumbo?"

"Vinasikilizana," daktari akasema. "Hedhi inapokaribia kukoma, homoni hupanda na kushuka ovyo. Kukosa usingizi, hasira, huzuni, kusahau, vyote vinaweza kuanzia hapo. Hujarukwa na akili, mama."

Akampa dawa, na akampangia mshauri wa kuzungumza naye kila wiki. Jioni wifi alimweleza mumewe yote, nami nikiwepo. Kaka alikuna kidevu.

"Kwa hiyo si mimi niliyekukosea?"

"Mengine ni wewe," wifi akajibu. "Ila yapi, hata mimi sijui."

Kaka akanitazama mimi, kana kwamba ninayo orodha.

Usingizi ulirudi taratibu, na maneno nayo yakaanza kurudi, si yote. Juzi nilisahau taulo bichi kwenye kiti cha mteja, wifi akanibwatukia mbele ya watu. Halafu akatulia, akaniinamia sikioni.

"Wifi, ile ilikuwa hasira yangu, au ndiyo mambo ya daktari?"

Nilimwambia kiti kimelowa kweli. Akafikiri kidogo, akasema basi hiyo ni yake, lakini sauti yake haikuwa na uhakika, na mimi pia sikuwa nao.