Kiganja cha Mpiga Chapa

Dukani niliweka kiganja juu ya mashine ya ngoma, nikafumba macho, nikaisikiliza kwa mkono, kisha nikamwambia muuzaji kwa masikitiko kwamba mashine yake imekufa.

Ndivyo tulivyofanya kazi kiwandani. Kwa miaka thelathini na minane niliendesha mtambo wa kupiga chapa magazeti, mtambo ulionguruma hata kuku wa mitaa mitatu wakawa wanataga kwa mapigo yake, na aliyebisha nilimwonyesha mayai. Mle ndani maneno hayakufaa kitu. Ukitaka kujua kama rola imelegea, unaweka kiganja ubavuni mwa mtambo, na chuma chenyewe kinakueleza.

Muuzaji, dada mmoja mwenye penseli nyuma ya sikio na subira ya mkunga, alinifahamisha kwa upole kwamba mashine hii haingurumi. Yenyewe inapanga mapigo tu. Sauti hutokea kwenye spika ile pale, ambayo bado hajaiwasha. Hakucheka. Mke wangu ndiye aliyecheka, akacheka na fungu la muuzaji pia.

Mke wangu watu wote humwita Mwalimu, nami nikiwemo, naye huniita Fundi. Alipostaafu alijinunulia kinanda kidogo, akaanza kutunga nyimbo zake mwenyewe, akakosa mpiga ngoma. Nikamwambia mpiga ngoma anaye humuhumu ndani. Nikamsimulia nilivyopiga ngoma ujanani kwenye harusi, bibi harusi akacheza mpaka soli za viatu zikaisha, akarudi kwao kwa soksi. Hakuamini hata soksi moja, ila alinikamata kwa ulimi wangu: basi twende tukachague mashine, ya bei ya watu waliostaafu, na dereva wake uwe wewe.

Nisilomsimulia ndilo lililokuwa kweli. Ule mtambo ulikuwa umenila masikio polepole, ukianzia sauti za juu. Ndege walinyamaza kwanza. Ikafuata kengele ya mlango. Mwaka huu zikaanza kupotea ncha za sauti ya Mwalimu, pale anapopanda na wimbo na mimi nabaki chini, nikitikisa kichwa kwa kukisia. Niliogopa jambo moja tu: akijua, ataacha kuniimbia. Nani atauimbia ukuta?

Rafu ya bei yetu ilikuwa na mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama kikokotoo, haina hata ganda, inakula betri mbili, niliogopa kuikalia. Ya pili ilikuwa na mamia ya sauti, lakini zote zimefichwa nyuma ya kioo kidogo, na kubadilisha moja ilibidi ubishe hodi mlango baada ya mlango, kama mtu anayetafuta muhuri ofisini. Ya tatu ilikwishatumiwa na mtu, kona moja imechunika. Ilikuwa na sauti nane tu, ila kila sauti ilikuwa na vifundo vyake vya kuzungusha, kama vya redio za zamani, na chini yake vitufe kumi na sita vimejipanga mstari mmoja, kila kimoja na taa yake nyekundu.

Nikauliza kwa nini anionyeshe yenye sauti chache. Muuzaji akasema anayeanza asihesabu sauti. Aangalie mkono wake unafika wapi kabla hajafungua kitabu cha maelekezo. Tena hii ilikuwa na tundu la waya wa kuiunganisha na kinanda cha Mwalimu, viende pamoja bila kukimbizana.

Akawasha spika, akabonyeza kitufe cha kwanza, cha tano, cha tisa na cha kumi na tatu. Taa zikaanza kutembea, na kila ilipofikiwa moja ya hizo, ngoma kubwa ilinigonga kifuani. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na mfanyakazi mwenzake wa zamani. Halafu akasema anatia matoazi, na taa nyingine zikawaka katikati.

Sikusikia kitu. Kwa hiyo nikayasifu.

"Matoazi haya ni safi," nikasema. "Yamenikumbusha yale ya harusini."

Muuzaji akaangalia mashine, akaangalia spika. "Samahani, mzee. Sauti yake nilikuwa sijaifungua."

Akazungusha kifundo. Taa ziliendelea kutembea, nami niliendelea kutabasamu tabasamu lilelile, na hapo ndipo nilipomwona Mwalimu. Hakuwa akiitazama mashine. Alikuwa akiutazama uso wangu, kama alivyowatazama wanafunzi kwa miaka yote ile, akisubiri kuona nani ameelewa na nani anaitikia tu.

Alimwambia muuzaji tunachukua hiyo yenye kona iliyochunika.

Nyumbani aliiweka mezani kando ya kinanda, akaunganisha waya, akafungua spika, akaweka matoazi peke yake, bila ngoma. Taa zikatembea kimya.

"Unasikia, Fundi?"

Nilikuwa na hadithi tayari, nzuri kabisa, yenye ndege na hali ya hewa. Nikaimeza.

"Sisikii."

"Tangu lini?"

"Kengele ya mlango ilipoharibika."

"Haijawahi kuharibika."

"Tangu hapo."

Mwalimu akashika kifundo cha pili cha matoazi, kile kinachoifanya sauti iwe nene au nyembamba, akaanza kukirudisha nyuma, taratibu, macho yake usoni pangu. Nami niliweka kiganja juu ya spika. Akashusha. Akashusha tena. Mara kwa mbali nikasikia kama punje za mchele zinazomwagwa kwenye sinia.

"Hapo."

Akasikiliza, akakunja pua. "Haya si matoazi tena. Ni mtu anafagia."

"Mwache afagie."

Akaongeza ngoma kubwa, akakokota kiti, akajaribu wimbo wake kwenye kinanda, vidole vikihama kushoto, kutafuta pa kuanzia palipo chini zaidi. Hakupapata sawasawa. Wimbo ule ulikuwa na mahali pake pa kupanda, na huwezi kuuondolea.

Alipokaribia mahali hapo hakuacha kupiga.

"Weka mkono," akasema, wala hakusema wapi. Nikaweka kiganja mgongoni mwake, naye akapanda na wimbo.