Sale kwa Alama Zilizopotea

Saa kumi na moja jioni Mektrida alikuwa akipanga viti vya mstari wa mbele huku midomo yake ikisali. Wakaguzi wa vyuo walikuwa njiani kuja kuwasikiliza wanafunzi wa masomo ya jioni. Bango la getini lilisema chuo hiki ndicho fahari ya Moshi. Wenzake walimchagua awasemee kwa kuwa ana miaka hamsini na mbili na hapandwi na hasira ovyo.

"Mama, usituangushe," alisema Blessing, mwanafunzi mwenzake wa umri wa bintiye. "Ofisi ya mitihani imetuzingua vya kutosha. Halafu usije ukaanzisha rozari!"

"Rozari nimeshamaliza, mwanangu."

Matokeo ya Takwimu ya wanafunzi kumi na tisa, yeye akiwamo, yalikuwa yamepotea tangu mwaka jana. Bila hayo hakuna kuhitimu. Na mama yake kule Marangu, miaka themanini na tisa, kila Jumapili aliuliza joho ni la rangi gani.

Mlangoni akatokea Bwana Kornel wa ofisi ya mitihani. Alishika jani la sale lililofungwa fundo, alilolichuma kwenye ua wa chuo.

"Dada Mektrida, tumekukosea. Nisamehe."

Mchagga akiombwa msamaha kwa sale, hakatai. Mektrida akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, kaka. Kutoka moyoni."

Kornel akashusha pumzi. "Basi mbele ya wageni tusichafuane. Jina la chuo ndilo litakalokuwa kwenye cheti chako."

"Alama zimeonekana?"

"Bado, dada."

"Kakumaliza na jani!" Blessing akanong'ona.

Mektrida akafumba macho, akamwomba Mungu maneno yasiyo na chuki wala uongo.

Wakaguzi walipoketi, akasimama. "Walimu wanatufundisha vizuri, nawashukuru. Ila alama zetu za Takwimu zimepotea mwaka mzima. Leo ofisi imeniomba msamaha, nami nimetoa."

"Kwa hiyo suala limekwisha?" aliuliza mkaguzi kijana, kalamu tayari.

"Ugomvi umekwisha, mwanangu. Alama hazipo. Andika hivyo, na majina yetu."

Kisha, bila karatasi, akaanza kuwataja wenzake kumi na wanane, mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule anaowaombea kila alfajiri.