Barua Iliyobaki Kinoo

Nikutegee kimoja, wewe uliyekaa karibu nami: hana miguu lakini huvuka Bonde la Ufa, hulia kama chura aliyekabwa koo, na aliye mbali humwelewa neno kwa neno. Ni nani? Fikiri kwanza. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe hata Kinoo yetu hii yenye matope, nitaipokea.

Ni redio ya mume wangu, Mzee Mbuthia.

Alikuwa fundi wa simu katikati ya jiji miaka thelathini. Alipostaafu akaihamishia kazi chumbani kwetu: redio, kompyuta kuukuu, antena juu ya mabati. Ndani ya mitambo hiyo alikuwa na kisanduku cha barua, si cha mbao, cha hewani. Unaandika barua, inakaa humo, na kila saa kituo cha rafiki yake Jamleck kule Kitisuru kinabisha hodi, kinazichukua zenye safari na kuzisukuma mbele hadi kwa wenyewe. Mwanetu Wahome, aliyefunzwa na baba yake, alikuwa na kituo chake Kitale.

Halafu Wahome akamwoa Naliaka, binti wa Bungoma, si wa kabila letu, na Mzee akairudisha kadi ya harusi bila kuifungua. Simu zikanyamaza. Miaka minne.

Mwaka huu kiharusi kilimpooza Mzee upande mzima wa kulia. Asubuhi moja akaniita.

"Nyokabi, keti hapo kwenye kompyuta. Leo wewe ndiwe mkono wangu."

"Mimi, na darasa langu la saba?"

"Herufi ni zilezile za mwalimu wako. Hazijaongezwa."

Akasema, nikaandika kwa kidole kimoja: Wahome, nilikosea. Mlete Naliaka nyumbani. Nataka kumwona kabla sijaondoka. Baba.

Tukangoja. Kila saa redio ilikoroma, na kila saa Mzee aligeuza shingo. "Amejibu?" "Bado." Siku ya kumi na tisa aliuliza kwa macho tu. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Mazishini Wahome alikuja peke yake. Udongo uliposawazishwa akanishika kiwiko.

"Mami, Baba alinitaja?"

Mbele yangu niliona mtu aliyesoma ombi la baba yake na kulikalia. "Unajua mwenyewe," nikamwambia. Akakiachia kiwiko changu. Aliondoka bila kuonja hata maji.

Mwezi uliopita Jamleck alikuja kuishusha antena, maana leseni ya redio huzikwa na mwenyewe. Kabla ya kuzima mitambo akakifungua kile kisanduku, kisha akaisogelea kompyuta na kusoma mara ya pili.

"Mama Wahome, kuna barua haikutoka."

Jina la Wahome lilikuwepo. Baada ya jina palitakiwa herufi za kituo chake, ili barua ijue inakwenda wapi. Hapakuwa na kitu. Kisanduku kilidhani mwenye barua atakuja kuichukua palepale Kinoo, kikamtunzia kwa utiifu. Kitisuru ilibisha kila saa, na kila saa iliambiwa hakuna.

"Mzee hawezi kukosea hivi," Jamleck alisema. "Ndiye aliyetufundisha sote." Kisha macho yake yakashuka mikononi mwangu, akayaondoa haraka. "Niipeleke? Itafika na tarehe yake ya zamani, na kijana atauliza. Tutasema ni mtambo. Nani atabishana na redio ya marehemu?"

Nilikwenda jikoni nikaosha kikombe kilichokuwa safi. Nilijaliwa mtoto mmoja tu. Akijua ukweli, atajua kwamba kwa kidole changu baba yake alikufa akiamini amekataliwa, na kwamba kando ya kaburi nilimhukumu yeye kwa kosa langu. Asipojua, huenda akarudi. Atakunywa chai hapa na Naliaka. Na mtambo, mtambo hauna uso wa kuaibika.

"Ipeleke," nikasema nikiwa hukohuko jikoni.

Siku ya tatu simu yangu ikalia.

"Mami, nimepata barua ya Baba. Ina tarehe ya Machi."

"Ndiyo."

"Tungekuja siku hiyohiyo. Hiyohiyo, Mami." Nyuma yake mwanamke aliuliza jambo kwa sauti ya chini, naye akamnyamazisha taratibu. "Mzee Jamleck ameniandikia. Anasema mtambo uliharibika."

Nje, antena ilikuwa imelala kwenye nyasi zilizolowa, kuku mmoja akiiparuaparua.

"Mami? Ni kweli ni mtambo?"

Niliihamishia simu sikio la pili, kana kwamba huko maneno yangekuwa mepesi zaidi.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Ni mimi."